Polisi, RWC na jirani: nani afanye nini kabla mwizi hajafika

Maandishi ya kipindi cha redio, kwa vikundi vya kusikiliza na kwa wasomaji

[Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.]

MTANGAZAJI: Kipindi hiki ni cha nyinyi mlioko Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja, Kyangwali, na popote redio yetu inapofika hapa Uganda. Ukiwa umekaa na kikundi, leteni redio katikati. Ukiwa unasoma maandishi haya peke yako, soma kwa sauti, jirani naye apate.

Leo tunazungumza juu ya polisi na sisi wakaaji. Mara kwa mara mnaona mkutano chini ya mti au kwenye uwanja wa shule. Anakuja afande mmoja au wawili, anasimama na mwenyekiti, anaongea juu ya wizi, pombe, watoto na fujo. Kisha anaondoka. Watu wanarudi nyumbani wakiulizana: "Maneno yale yanatusaidia nini? Usiku ule ule mbuzi wa jirani aliibwa."

Ni swali zuri. Jibu letu la leo ni hili: mkutano wa polisi unasaidia pale tu ambapo kila mtu anajua sehemu yake. Jirani ana kazi yake. Kiongozi wa RWC ana kazi yake. Polisi ana kazi yake. Tukizichanganya, au kila mmoja akimngojea mwenzake, mwizi ndiye anayefurahi. Kwa hiyo leo tutazitenganisha moja moja.

[Muziki mfupi]

POLISI JAMII NI NINI?

MTANGAZAJI: Wengi wetu tulikotoka, polisi alikuja baada ya jambo, tena alikuja kukamata. Tulipomwona, tuliingia ndani tukafunga mlango. Mtu aliyekimbia nchi yake kwa sababu ya watu wenye bunduki na sare hawezi kuambiwa siku moja tu kwamba sare ni rafiki. Hilo tunalielewa, na polisi nao wanapaswa kulielewa.

Lakini sheria ya Uganda inasema nini? Katiba ya nchi hii ya mwaka 1995, ibara ya 212, inataja kazi za polisi. Kulinda maisha ya watu na mali zao. Kulinda sheria na utulivu. Kuzuia uhalifu na kuuchunguza. Na ya mwisho, kushirikiana na viongozi wa kiraia, na vyombo vingine vya usalama, na wananchi kwa jumla. Sikia vizuri: kuzuia uhalifu kumetajwa pamoja na kuuchunguza. Maana yake polisi anayekuja kwenye mkutano wenu kabla ya wizi kutokea hawafanyii hisani. Yuko kazini.

Kazi hiyo ndiyo inaitwa polisi jamii. Vituo vya polisi vya Uganda vina afisa wa uhusiano na jamii, ambaye watu wengi wanamwita CLO. Huyo ndiye anayeitisha mikutano, anayekwenda shuleni kuongea na watoto, anayekuja redioni, na anayesikiliza malalamiko ya kijiji. Kama hujui jina la CLO wa kituo chenu, hilo ni swali la kwanza la kuuliza katika mkutano ujao. Mtu unayemjua jina ni rahisi kumfuata.

Jambo lingine ni lugha. Mkongomani au Mrundi akifika kituoni anaogopa kwamba hataeleweka, kwa sababu hajui Kinyankole, Kitooro wala Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha ya polisi na jeshi la Uganda kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2005 katiba inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Basi usione haya kuongea Kiswahili mbele ya afande, hata kama ni kile cha Bukavu au cha Bujumbura. Usipoelewana naye, omba mkalimani. Usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa.

[Muziki mfupi]

NYUMBA KUMI: JINA LILE LILE, KAZI IPI?

MTANGAZAJI: Polisi wa Uganda nao walianzisha mpango unaoitwa Mayumba Kumi. Jina hilo si geni kwetu. Lilianzia Tanzania miaka ya 1960, balozi wa chama akisimamia nyumba kumi za majirani. Huko Kongo ya mashariki, mkubwa wa nyumba kumi anajulikana kila mtaa. Rwanda na Burundi pia watu wanalikumbuka.

Wengine wanalikumbuka vibaya. Kuna mahali ambapo mkubwa wa nyumba kumi alijua nani analala wapi, na siku mambo yalipoharibika, habari ile ikageuzwa kuwa silaha. Mzee mwenye kumbukumbu ya namna hiyo akikataa kuandikisha wageni wake, tusimcheke.

Basi tutofautishe. Kujuana kwa majirani ni jambo jema. Kumi wakijuana kwa majina, mgeni wa ajabu anaonekana mapema, mtoto aliyepotea anatambulika, na mama akipiga kelele usiku watu wanajua kelele inatoka nyumba gani. Kujuana huko hakuhitaji kuulizana kabila, dini, chama, wala sababu iliyomfanya mtu akimbie nchi yake. Mtu akija kwako na daftari akauliza mambo hayo kwa jina la usalama, muulize ametumwa na nani na karatasi inapelekwa wapi. Kisha mwambie mwenyekiti wako, au pigia namba ya malalamiko tutakayoitaja mwisho wa kipindi.

[Muziki mfupi]

NGAZI ZA USALAMA: KUTOKA MLANGONI MPAKA KITUONI

MTANGAZAJI: Sasa tupande ngazi.

Ngazi ya kwanza ni wewe na jirani yako. Kazi yenu ni kuona, kusikia, kuambiana na kuita msaada.

Ngazi ya pili ni RWC, yaani baraza la wakimbizi tunalolichagua wenyewe. RWC ya kwanza ni ya kijiji. Juu yake kuna RWC ya pili, kisha ya tatu. Zimepangwa kwa kufuata mfano wa LC za Waganda. Katika kamati kuna mtu wa usalama. Kazi yake ni kupokea habari, kutuliza ugomvi mdogo, kupanga majirani, na kupeleka polisi jambo linalowahusu polisi. RWC si korti. Haina jela. Haina ruhusa ya kumpiga mtu fimbo, kumfunga kamba usiku kucha, wala kumtoza pesa ili mashitaka yafutwe.

Ngazi ya tatu ni ofisi ya komandanti wa makazi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Hapo ndipo mambo ya viwanja, mipaka ya mashamba na utaratibu wa makazi yanapoamuliwa. Ugomvi mwingi wa panga unaanzia kwenye mpaka wa shamba. Ukipelekwa mapema kwa komandanti, panga linabaki nyumbani likilima.

Ngazi ya nne ni kituo cha polisi. Polisi ndiye mwenye mamlaka ya kuchunguza, kukamata na kupeleka faili mbele. Kumbuka pia kwamba kituo kimoja kinahudumia vijiji vingi, vya wakimbizi na vya wenyeji. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Ukiita usiku, afande anaweza kuchukua muda kabla ya kufika. Ndiyo sababu ngazi ya kwanza na ya pili zina thamani: dakika za mwanzo ni zenu.

Na wenyeji je? Mwizi hana kijiji kimoja. Anaiba kwa mkimbizi na kuuza kwa mwenyeji, au anaiba kwa mwenyeji na kujificha kwa mkimbizi. Kama mwenyekiti wa RWC na mwenyekiti wa LC wa jirani hawaongei, mwizi anapita katikati yao. Mikutano mizuri ya polisi ni ile inayowaita wote wawili.

[Muziki mfupi]

KUZUIA: MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

MTANGAZAJI: Tusikae kwenye maneno makubwa. Haya ni mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya.

Simu. Bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli: *#06#. Itatokea namba yenye tarakimu 15. Hiyo ni namba ya simu yenyewe, haibadiliki hata mwizi akitupa laini. Iandike kwenye daftari, uiweke nyumbani pamoja na risiti. Simu ikiibwa, polisi akiuliza "utajuaje ni yako?", una jibu. Na wewe unayenunua: simu ya bei ya kushangaza, bila risiti, inayouzwa jioni kando ya soko, iache. Kununua mali ukijua imeibwa ni kosa kwa sheria ya Uganda. Polisi wakifuata namba ile, wanamkuta mwenye simu mkononi, naye anakuwa ni wewe.

Pesa ya msaada na pesa ya simu. Namba ya siri ni ya siri. Wengine wanaiandika nyuma ya kadi. Wengine wanamwambia mtoto wa jirani awasaidie kubonyeza. Mama mzee asiyejua kusoma achague mtu mmoja wa nyumbani kwake, si kila anayepita. Siku ya malipo, nendeni wengi na mrudi wengi, kabla ya jua kuzama. Usihesabu noti njiani.

Nyumba na mifugo. Sola iliyowekwa juu ya paa bila kufungwa ni zawadi kwa mwizi. Ifunge kwa waya, na uandike alama yako nyuma kwa rangi. Mbuzi na nguruwe walale karibu na watu. Kata majani marefu yanayozunguka njia ya choo, maana mtu mwenye nia mbaya anajificha mahali ambapo taa haifiki.

Kuni na maji. Wasichana na akina mama wasiende peke yao mbali, wala giza likiingia. Lakini tusiishie hapo. Kazi ya kulinda njia isiachwe mabegani mwa wasichana tu. Kama kuna mahali ambapo watu wanasumbuliwa, kwa mfano kichaka fulani, daraja fulani au nyumba ya pombe fulani, RWC ipeleke jina la mahali hapo polisi na iombe doria kwa siku na saa zinazojulikana. Polisi anayeambiwa "kuna uhalifu huku" hana pa kuanzia. Polisi anayeambiwa "Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa moja usiku, kwenye njia ya kisima" anajua pa kusimama.

Watapeli. Hawa hawavunji mlango, wanafunguliwa. Mtu anakuja na faili, anasema ana rafiki ofisini, ukimpa pesa jina lako litaingia kwenye safari ya Marekani au Kanada. Sikilizeni wote: kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi. Huduma za UNHCR, za OPM na za mashirika wanayoshirikiana nayo ni bure. Anayeomba pesa, au mwili wako, ili akupe huduma, anafanya kosa, hata kama amevaa kitambulisho cha shirika.

Mwingine anaahidi binti yako kazi ya nyumbani Kampala au nchi za Ghuba, na anataka kuondoka naye usiku huo huo bila karatasi. Uganda ina sheria ya mwaka 2009 dhidi ya biashara ya kuuza watu. Ahadi ya namna hiyo ipeleke polisi kabla binti hajapanda gari. Akishaondoka, kumtafuta ni kazi ngumu mara kumi.

[Muziki mfupi]

JAMBO LIKISHATOKEA: MEZA YA KITUO

MTANGAZAJI: Wengi wanaogopa kituo kwa sababu hawajui kinachofanyika pale. Tusikie mfano. Ni maongezi tuliyoyatunga ili kuonyesha njia.

MAMA: Hodi, afande.

AFANDE: Karibu mama. Una shida gani?

MAMA: Nimeibiwa usiku. Baiskeli na sola. Nimekuja kuandikisha.

AFANDE: Uligundua saa ngapi? Uliona mtu?

MAMA: Saa kumi alfajiri. Sikuona mtu. Alama za viatu ziko nyuma ya nyumba, nimewakataza watoto wasizikanyage. Risiti ya sola hii hapa.

AFANDE: Umefanya vizuri. Nitaandika.

MAMA: Afande, naomba namba ya kumbukumbu.

MTANGAZAJI: Hapo simama. Neno la mwisho la mama huyu ni la dhahabu. Ukiripoti jambo, linaandikwa kwenye kitabu cha kituo, na linapata namba inayoitwa SD. Omba namba hiyo, iandike, pamoja na tarehe. Bila namba, wiki ijayo utaanza upya na afande mwingine, naye atakuambia hana habari. Ukiwa na namba, anafungua kitabu. Tena kuripoti ni bure. Hakuna pesa ya kalamu, ya karatasi, wala ya mafuta ya pikipiki.

Kama umepigwa au kuumizwa, utahitaji fomu ya polisi namba 3. Inajazwa na mhudumu wa afya anayeruhusiwa, akieleza majeraha yako. Fomu hiyo nayo ni bure. Waliobakwa wana fomu yao, 3A.

Na hapa tuongee polepole. Mtu akibakwa, mwanamke au mwanamume, mkubwa au mtoto, safari ya kwanza ni kituo cha afya. Matibabu hayangojei polisi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Ikiwezekana asioge kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu nailoni inazifanya zioze. Kama ameshaoga, aende vile vile. Hakuna aliyechelewa kusaidiwa.

[Muziki mfupi]

KESI ZISIZOMALIZWA CHINI YA MTI

MTANGAZAJI: Wazee wetu wana hekima, na nchi zetu zote zina desturi ya kukaa na kupatanisha. Kuku wa jirani amekula mbegu, deni dogo, matusi kisimani, vijana kurushiana maneno kwenye mpira: mambo haya wazee na RWC wayamalize. Kuyapeleka yote polisi ni kuwachosha polisi na kuharibu ujirani.

Lakini kuna kesi ambazo mti haziwezi kuzibeba. Kuua. Kubaka. Kunajisi mtoto. Kuchoma nyumba. Kuvamia kwa silaha. Kuuza mtu. Katika sheria ya Uganda, kulala na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa kubwa, hata ikisemwa kwamba alikubali. Katiba pia inasema ndoa ni kuanzia miaka 18. Kwa hiyo familia mbili zikikaa, zikapokea mbuzi wawili na kreti ya soda, zikamwozesha mtoto kwa aliyemharibu, hazijamaliza kesi. Zimeificha.

Tuone nini kinatokea baada ya kuificha. Msichana anaacha shule. Yule mtu anajifunza kwamba bei ya kosa lake ni mbuzi wawili. Majirani wenye mabinti wanakaa kwa hofu. Na siku polisi anapokuja kwenye mkutano akauliza "kijiji hiki kina shida gani?", watu wanajibu "hakuna shida, afande", naye anaandika kwamba hakuna shida, kisha anapeleka doria mahali pengine. Doria inakwenda mahali ambapo kitabu cha kituo kinaonyesha kuna kesi. Kijiji kinachonyamaza kinajinyima askari chenyewe.

Najua kwa nini tunanyamaza. Tunaogopa kulipiziwa kisasi, maana tunaishi ukuta kwa ukuta. Tunaogopa kuitwa wasaliti. Kwa hiyo mjue kwamba si lazima usimame mbele ya mkutano. Unaweza kumwona CLO peke yake. Unaweza kumwambia mfanyakazi wa ulinzi wa wakimbizi. Unaweza kupiga simu. Kwa mambo ya watoto na familia, polisi wana kitengo chao cha ulinzi wa mtoto na familia. Uliza kama kituo chenu kina afisa wake, na mwanamke ana haki ya kuomba aongee na afande mwanamke.

[Muziki mfupi]

TUKIMSHIKA MWIZI

MTANGAZAJI: Usiku, mtu anapiga kelele: "Mwizi! Mwizi!" Watu wanatoka na fimbo na mawe. Dakika tano baadaye kuna maiti. Asubuhi inajulikana alikuwa mgonjwa wa akili, au mgeni aliyepotea njia, au kweli alikuwa mwizi wa kuku. Katika hali zote tatu, waliompiga wameua. Sheria itawatafuta kwa mauaji, na watoto wao watabaki bila baba.

Mtu akishikwa: mzungukeni, mmoja amzuie asikimbie, mwingine apige simu polisi 999 au 112, mwingine amwite mwenyekiti. Kitu alichokuwa nacho kiachwe kama kilivyo, kwa sababu ndicho ushahidi. Asivuliwe nguo, asichomwe, asipigwe picha za kutuma huku na huku. Aliyeshuhudia akubali kuandika maelezo. Wezi wengi wanaachiliwa kwa sababu kijiji kizima kilimpiga, lakini hakuna hata mmoja aliyekwenda kutoa ushahidi.

Na ikiwa aliyekamatwa ni mwanao? Katiba, ibara ya 23, inamlinda mkimbizi kama inavyomlinda Mganda. Aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Ndugu zake wajulishwe. Apate mwanasheria na matibabu. Afikishwe kortini kabla ya saa 48 kupita. Asiteswe, ibara ya 24 inakataza kabisa. Na dhamana ya polisi ni bure. Ukiambiwa ulipe ili mwanao atoke kwa dhamana, uliza kwa upole: "Afande, naomba risiti." Mara nyingi neno risiti linamaliza mjadala.

Polisi anayekosea ana mahali pa kushitakiwa. Kuna kitengo cha PSU ndani ya polisi wenyewe, kinachosimamia nidhamu. Kuna Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, yenye ofisi Mbarara, Fort Portal na Hoima. Kwa msaada wa mwanasheria, wakimbizi wanaweza pia kuwaendea Refugee Law Project. Polisi jamii ni njia yenye pande mbili: polisi anatuuliza sisi, nasi tunamuuliza yeye.

[Muziki mfupi]

MASWALI MATANO YA KUPELEKA KWENYE MKUTANO UJAO

MTANGAZAJI: Mkutano wa polisi ukiitishwa tena, msikae kimya mkingoja soda. Kikundi chenu kichague mtu mmoja, na awe na maswali haya.

La kwanza: CLO wetu ni nani, na simu ya kituo ni ipi?

La pili: katika kipindi kilichopita tuliripoti mambo mangapi, na yamefika wapi?

La tatu: doria inapita wapi na saa ngapi, na tunaweza kuomba ibadilishwe?

La nne: mwanamke akija kituoni usiku, anapokelewa na nani?

La tano: mkutano wa kutuletea majibu ni lini?

Swali la tano lisisahauliwe. Mkutano usio na tarehe ya kurudi ni hotuba. Tarehe ikiandikwa na mwenyekiti mbele ya watu wote, afande anajua atangojewa.

[Muziki unapanda, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wapenzi, tunafunga. Tushike haya. Jirani aone na aseme. RWC ipatanishe madogo na kupeleka makubwa. Komandanti aamue mipaka kabla ya panga. Polisi achunguze, na arudi na majibu. Kesi ya damu na kesi ya mtoto hazimalizwi kwa mbuzi.

Andikeni namba hizi ukutani. Polisi: 999 au 112. Mambo ya watoto: Sauti 116. Malalamiko na maswali ya wakimbizi juu ya huduma, au mtu anayeomba pesa kwa huduma: 0800 323 232. Zote ni bure, hata simu isipokuwa na salio.

Kwa vikundi vya kusikiliza, jadilini mambo matatu kabla ya kuachana. Moja: ni mahali gani hasa kijijini kwetu watu wanaogopa kupita, na saa ngapi? Mbili: nani kati yetu atapeleka jina la mahali hapo kwa mtu wa usalama wa RWC wiki hii? Tatu: ni kesi gani tuliyoimaliza chini ya mti ambayo ilipaswa kwenda mbele? Hilo la tatu msilijadili kwa majina. Mwenye kuumia alindwe.

Mkifunga milango usiku huu, mwite jirani kwa jina, mjue kama yupo.

[Muziki wa kufunga]